Bando la buku ni lile lile, mbona MB zimepungua?

Jirani yangu hapa Mbagala anauza chipsi na mihogo ya kukaanga kuanzia saa kumi jioni. Wateja wake wengi wanaagiza kwa WhatsApp, kwa hiyo kila asubuhi kabla hajamenya viazi anajiunga bando la jero, yaani shilingi 500. Wiki iliyopita alinisimamisha njiani na simu mkononi. "Kaka, hebu nisomee hapa. Jero yangu ni ile ile, simu ni ile ile, mbona siku hizi saa nane mchana wameshanikata?"

Nilijaribu kumjibu palepale nikajikuta nachanganya bei, kodi, tozo na muda wa kifurushi kana kwamba ni kitu kimoja. Naye alikuwa anavichanganya, na nikisikiliza mazungumzo ya kwenye daladala au kijiweni naona karibu sote tunavichanganya. Tunasema "bando limepanda" wakati bei iko palepale. Tunasema "wameniibia" wakati simu yenyewe ndiyo iliyokula. Na mara nyingine tumeongezewa mzigo kweli, ila tunamlaumu asiyehusika. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa jirani yangu siku ile.

Tuanze na maneno

Salio ni fedha. Ukikwangua vocha ya 1,000 una shilingi 1,000 ndani ya laini, na unaweza kuzitumia kupiga, kutuma SMS au kuingia mtandaoni hata bila kujiunga na chochote.

Kifurushi, au bando, ni mkataba mdogo kati yako na kampuni ya simu. Unatoa salio, unapewa MB, dakika na SMS za kiasi fulani, uzitumie ndani ya muda fulani. Mkataba huo una vitu vitatu: bei, kiasi na muda. Shikilia hivyo vitatu, kwa sababu kampuni ikigusa kimojawapo tu, gharama yako imebadilika. Matangazo hukupa bei kwa maandishi makubwa. Kiasi na muda vinahitaji miwani.

MB ni kipimo cha ujazo, kama lita. MB 1,024 ni GB moja. Kila picha, kila video na kila ujumbe wa sauti una uzito wake, na uzito huo unachotwa kwenye pipa lako.

Kisha kuna hili neno "makato", ambalo kwetu limebeba kila kitu. Ndani yake mna ada, ambayo ni malipo ya kampuni kwa kazi iliyofanya. Mna kodi, ambayo kampuni inaikusanya kwa niaba ya serikali. Na mna tozo, ambayo nayo huenda serikalini lakini huwekwa kwa jambo mahususi, kwa mfano kutoa fedha kwa wakala. Vyote vitatu vinatoka kwenye mfuko mmoja, ila mlango wa kwenda kulalamikia si mmoja.

Bei ya kweli ni shilingi kwa MB

Tuseme bando la buku, yaani shilingi 1,000, lilikuwa na MB 480. Baada ya miezi kadhaa unajiunga lile lile la buku, unapata MB 400. Hakuna aliyekutangazia kwamba bei imepanda, na kweli buku imebaki buku. Lakini piga hesabu: mwanzoni ulikuwa unalipa shilingi 2.08 kwa kila MB, sasa unalipa 2.50. Umepandishiwa asilimia 20.

Wanawake wanaonunua mkate kila asubuhi wanaijua mbinu hii vizuri, kwa sababu mkate nao hupungua unene kabla bei haijapanda. Tofauti ni kwamba mkate unaushika, unaona umekuwa mwepesi. MB huzishiki. Ndiyo maana hesabu ya kugawa bei kwa idadi ya MB ni muhimu kuliko tangazo lolote: chukua shilingi, gawanya kwa MB, pata jibu lako. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hesabu hii inakuwa ngumu kwenye vifurushi vya mchanganyiko, vile vyenye dakika, SMS na MB kwa pamoja. Humo unalipia SMS mia moja ambazo hutatuma hata kumi, na bei halisi ya MB inajificha nyuma ya SMS hizo. Kama wewe ni mtu wa WhatsApp tu, kifurushi cha intaneti pekee kitakusaidia kuona unachonunua.

Na hapa niseme jambo ambalo huniumiza. Anayejiunga jero kila siku anatumia 15,000 kwa mwezi. Mwenye uwezo wa kutoa 15,000 kwa mara moja na kuchukua kifurushi cha mwezi kwa kawaida anapata MB nyingi zaidi kwa fedha ile ile, na hana hofu ya kukatwa saa nane mchana. Ni kama mafuta ya kula ya kupima: anayenunua kwa kipimo cha jioni kwa jioni hatimaye analipa zaidi ya anayenunua dumu. Jirani yangu halijui dumu, si kwa sababu hajui hesabu, bali kwa sababu 15,000 ya pamoja ni mtaji wa gunia lake la viazi.

Ijumaa Kuu ya 2021

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote juu ya jambo hili nchini Tanzania ulitokea tarehe 2 Aprili 2021. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu waliamka, wakaenda kujiunga vifurushi vyao, wakakuta vimekonda ghafla. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba siku hiyo hiyo serikali ilisimamisha vifurushi vipya na kuamuru vya zamani virudishwe. Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano wakati huo alikuwa Dk. Faustine Ndugulile, ambaye sasa ni marehemu.

Linaloshangaza ni kwamba siku ile ilikuwa mwanzo wa kutumika kanuni mpya za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilizokusudiwa kumsaidia mtumiaji. Nyingi zilikuwa nzuri. Kampuni zilitakiwa kukujulisha matumizi yako yakifika asilimia 75 na tena yakifika asilimia 100. Zilitakiwa kukuruhusu kumhamishia mwenzako wa mtandao uleule MB ulizobakiza. Ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, zile zilizobaki ziendelee kutumika. Kifurushi kikishaidhinishwa kisibadilishwe wala kuondolewa ndani ya miezi mitatu. Ukimaliza bando, kampuni isianze kula salio lako bila wewe kuridhia.

Pamoja na hayo kulikuwa na bei elekezi: MB moja iuzwe kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Kampuni zikapanga upya vifurushi vyao ndani ya mipaka hiyo, ofa nyingi za bei ya chini zikatoweka, na mwananchi akaona matokeo tu. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa lugha ya kawaida kinachokuja. Kilio kilirudi tena mwaka uliofuata, waziri akiwa Nape Nnauye, na majibu yalikuwa yaleyale: kampuni ziko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa.

Hapo ndipo dhana ya kwanza potofu inapozaliwa, kwamba TCRA ndiyo inayopanga bei ya bando. TCRA inaweka mipaka, inaidhinisha, inasimamia kanuni. Bei ya kifurushi fulani ndani ya mipaka ile inapangwa na kampuni yenyewe, iwe Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani tuliiita Tigo, Halotel au TTCL. Lakini angalia upana wa ile mipaka. Kwa 2.03, GB moja ni kama shilingi 2,079. Kwa 9.35, GB ileile ni 9,574. Kampuni inaweza kupandisha bei yako mara mbili na bado ikasema, bila kudanganya, kwamba iko ndani ya bei elekezi. Kwa maoni yangu mpaka mpana kiasi hicho unamlinda mtumiaji kidogo sana.

Nje ya bando

Ile 9.35 ina mahali inapouma zaidi: intaneti ya kutumia salio moja kwa moja, bila kifurushi.

Mwaka jana nilikuwa kwenye basi la Dodoma. Niliweka salio la 5,000 nikitarajia kununua kifurushi cha wiki nikifika. Bando nililokuwa nalo likaisha maeneo ya Morogoro, nami sikugundua kwa sababu video iliendelea kucheza. Nilipofika Dodoma salio lilikuwa limekwisha. Piga hesabu: 5,000 ukigawanya kwa 9.35 ni MB 535 hivi. Video yenye picha safi hukomba MB kiasi hicho hata kabla saa moja haijaisha. Nilipolalamika, yule dada wa huduma kwa wateja aliniambia, kwa upole, kwamba nilikuwa nimekubali kutumia intaneti nje ya kifurushi. Sikukumbuka nilikubali lini. Labda nilibonyeza 1 siku moja nikiwa na haraka.

Kwa hiyo ingia kwenye menyu ya vifurushi ya mtandao wako, tafuta sehemu ya matumizi nje ya kifurushi, uifunge. Menyu za kampuni hazifanani na hubadilika, ila ukipiga 100 kwa mtandao wowote utampata mhudumu wa kukuelekeza. Ni dakika tano ambazo zingeniokolea 5,000.

Buku inakwenda wapi

Sasa tufungue buku yenyewe. Kwenye huduma za mawasiliano kuna kodi mbili kubwa anazozilipa mtumiaji bila kuziona. Moja ni ushuru wa bidhaa, uliopanda hadi asilimia 17 mwaka 2014. Nyingine ni kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18 kwa miaka mingi. Nitumie viwango hivyo, vilivyokuwepo wakati wa malalamiko yote niliyoyataja.

Watu wengi hujumlisha 17 na 18 wakapata 35, kisha wakasema serikali inachukua 350 kwenye kila buku. Sivyo. Kodi inahesabiwa juu ya bei ya huduma, na VAT inahesabiwa juu ya bei ikiwa tayari imeongezwa ushuru. Fikiria huduma yenye thamani ya shilingi 724. Ongeza ushuru wa asilimia 17, ambao ni shilingi 123, unapata 847. Sasa VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya hiyo 847, yaani inautoza na ule ushuru: shilingi 153. Jumla ni buku yako. Kwa hiyo kwenye kila 1,000 unayoweka, kama 276 ni kodi na 724 ndiyo inayobaki kununua mawasiliano. Si 350, lakini ni zaidi ya robo.

Huo ushuru wa bidhaa ni ukoo mmoja na ushuru unaotozwa kwenye bia na sigara. Kwa vitu hivyo kuna hoja ya kutaka watu wapunguze. Kwa mawasiliano sioni hoja hiyo. Mwanafunzi anatafuta matokeo, mkulima anauliza bei ya ufuta, jirani yangu anapokea oda ya chipsi mbili na mishikaki. Serikali hiyohiyo inatuhimiza tulipe ada na kuomba vibali kwa mtandao. Ushuru huu unabaki kwa sababu ni rahisi kuukusanya: kampuni tano zinaleta fedha za mamilioni ya watu, hakuna wa kumkimbiza mitaani. Naelewa mvuto wake kwa Hazina. Siuoni uhalali wake kwa anayejiunga jero.

Angalau ungeonekana. Ukinunua umeme wa LUKU ujumbe unakuja na mchanganuo: uniti kadhaa, VAT kiasi hiki, na tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo iliyopachikwa humo. Tunanung'unika, lakini tunajua tunachonung'unikia. Ujumbe wa bando unasema "Hongera, umejiunga", basi.

Mbona uniti za LUKU haziozi?

Swali hili nalisikia kila mahali na ni swali zuri. Uniti za umeme nikizinunua leo zitanisubiri hata nikisafiri mwezi mzima. Kwa nini MB zangu zife saa 24 zikitimia?

Jibu la kampuni, likielezwa vizuri, ni la daladala. Kiti cha daladala kilichotoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo bila abiria hakiwezi kuwekwa akiba kesho. Mtandao nao una nafasi za kila dakika: mnara unaweza kubeba watu wa idadi fulani kwa wakati mmoja, na nafasi isiyotumika saa tisa usiku imepotea. Ndiyo maana vifurushi vya usiku huwa rahisi. Kwa kukubali kutumia MB zako ndani ya siku moja unaisaidia kampuni kukadiria msongamano, nayo inakupunguzia bei. Ukitaka kitu kisichooza haraka, kuna salio lenyewe, na bei yake tumeiona.

Nakubali nusu ya jibu hilo. Ni kweli kwamba muda mfupi hununua bei ndogo. Lakini abiria aliyelipa nauli akakuta daladala limeharibika hurudishiwa fedha zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM, zinazotuunganisha na dunia kupitia Dar es Salaam, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha. Kifurushi changu cha siku kiliisha muda nikiwa sijafungua hata nusu ya nilichonunua. Saa ziliendelea kuhesabu wakati huduma haipo. Hilo halina maelezo ya daladala.

Angalia pia namna muda unavyoandikwa. "Saa 24" ni kuanzia dakika uliyojiunga. "Leo" au "siku" inaweza kuwa hadi saa sita usiku, na ukijiunga saa mbili usiku umenunua saa nne tu.

Nani anakula MB?

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba kampuni inachota MB usiku tukiwa tumelala. Nimekaa na simu za ndugu na majirani, na mara nyingi mlaji alikuwa ndani ya simu. Programu zinajisasisha zenyewe. Picha zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi, la ukoo, la kicheni pati na la wazazi wa shule, hata zile usizozifungua. Na video fupi za mitandao ya kijamii hazisubiri uzichague: unatazama moja, mbili zinazofuata tayari zinashuka.

Kuna jambo jingine linalofanya bando la leo lionekane dogo hata kama MB ni zilezile. Simu ya 4G yenye kioo kizuri inapewa video yenye picha safi, na picha safi ni nzito. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kula nusu GB au zaidi. Ukipandisha ubora, saa ileile inakula mara mbili au tatu yake. Zamani mtandao wa polepole ulikuwa unatubania bila sisi kujua. Bomba limepanuka, pipa ni lilelile.

Hii haimaanishi kila lalamiko ni la uongo. Kuna huduma za nyongeza ambazo watu hujikuta wamejiunga: miito ya wimbo, nyota, bahati nasibu, habari za michezo, kila moja ikikata kiasi kidogo kwa siku. Ukiona salio linapungua kwa kiasi kilekile kila siku, mlaji si bando, ni usajili wa namna hiyo. Piga 100, taka wakutajie huduma zote ulizounganishwa, uziondoe. Usiporidhika peleka lalamiko TCRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili yako. Na kama hujafanya hivyo miezi ya karibuni, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kupiga kulishuka, wachache waliona

Haki inataka niseme na upande huu. Wanaokumbuka miaka ya 2010 wanakumbuka watu walivyotembea na simu mbili tatu, kila moja na laini yake, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali mno. Sababu ilikuwa malipo ya mwingiliano. Ukipiga kutoka mtandao wako kwenda wa jirani, kampuni yako inailipa ile nyingine kwa kila dakika, kama gari linavyolipa pantoni ya Kigamboni kuvuka. Hadi mwanzoni mwa 2013 malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. TCRA ikayashusha hadi 34.92, kisha ikaendelea kuyabana: 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022.

Ndiyo maana leo bando la "mitandao yote" ni jambo la kawaida. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba msimamizi akiamua kubana bei kwa namba, mwaka hadi mwaka, bei inashuka na kampuni hazifi.

Kwenye intaneti kazi ni ngumu zaidi. Mitambo ya minara hununuliwa kwa dola, na mwaka 2023 na 2024 dola ilikuwa adimu huku shilingi ikivuka 2,500 kwa dola moja. Mnara wa kijijini usio na umeme wa gridi unaunguza dizeli usiku kucha. Masafa ya kurushia mawimbi yanalipiwa serikalini, na kuna mchango wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaopeleka minara mahali ambapo biashara pekee isingefika. Hizi ni gharama za kweli. Kampuni ikizitaja haidanganyi, ila ingefaa ituambie pia ni kiasi gani cha gharama hizo kimeingia kwenye buku yangu.

"Tuma na ya kutolea"

Jirani yangu alipomaliza kunisikiliza kuhusu bando aliniuliza: "Na zile tozo?" Wengi huziweka kapu moja na bei ya vifurushi kwa sababu zilikuja mwaka uleule.

Tozo ya miamala ilianza tarehe 15 Julai 2021. Ilikatwa kwa kutuma na kutoa fedha kwa simu, juu ya ada ya kampuni ambayo tayari ilikuwepo, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Ghafla kumtumia mama kijijini kukawa na makato manne: ada ya kutuma, tozo ya kutuma, ada ya kutoa, tozo ya kutoa. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliweka pia tozo kwenye laini kulingana na salio unaloongeza. Watu wakarudi kutuma bahasha kwa makondakta wa mabasi. Septemba mwaka huohuo tozo ya miamala ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 ikapunguzwa tena lakini ikaingia hadi benki, Oktoba 2022 ikalegezwa, na bajeti ya 2023 ikaondoa ya kutuma. Ya kutoa fedha taslimu ilibaki.

Kwa hiyo mtu anapokuambia "tuma na ya kutolea", anachokuomba ni ada ya kampuni na wakala pamoja na tozo ya serikali, vimefungwa fundo moja. Njia halali ya kulikwepa fundo hilo ni kutotoa: lipa kwa lipa namba, nunua LUKU humohumo kwenye simu, mlipe muuza mkaa kwa simu kama anapokea. Mikopo ya salio nayo ina ada yake. Ukikopa buku kwa Nipige Tafu au huduma za aina hiyo kwenye mitandao mingine, unapata pungufu au unarudisha zaidi. Kwa dharura ni sawa. Kwa kila asubuhi, ni bando ghali kuliko yote yaliyopo.

Ninachokitaka kwa kampuni na kwa TCRA hakihitaji mtambo mpya wala dola. Ule ujumbe wa "Hongera, umejiunga" uongezwe mstari mmoja: bei kwa MB, kodi iliyokatwa, na saa kamili ya kuisha. Mama anayehesabu vipande vya mihogo kwa shilingi mia mia atajua la kufanya na mstari huo.

Siku ile tulikaa kwenye benchi lake tukaanza na simu. Tulizima upakuaji wa video kwenye makundi sita ya WhatsApp, tukazuia programu kujisasisha kwa data, tukafunga matumizi nje ya kifurushi. Tulikuta pia usajili wa nyota uliokuwa ukimkata kila siku, naye hajui hata nyota yake ni ipi. Kesho yake bando la jero lilifika jioni, likavuka muda wa wateja wa usiku. Asubuhi saa moja na dakika kumi, robo saa kabla muda haujatimia, akajiunga tena lilelile na zile MB 46 zilizobaki zikaendelea. Alinionyesha ujumbe huo kabla hajawasha jiko.